Reti za Ploti: Zinavyotozwa, Pesa Zinakoenda na Haki za Mkazi wa Tongaren

Wenye ploti katika masoko ya Naitiri, Ndalu, Tongaren, Brigadier na Mbakalo wanajua kwamba kila mwaka kuna malipo ya kaunti yanayowasubiri. Wengi hulipa. Wengine huahirisha hadi siku wanapotaka kuuza, kugawa au kuchukua mkopo, ndipo wanapogundua kuwa deni limekua. Na wako wanaouliza swali la haki kabisa: mzee alilipia shamba hili tangu enzi za skimu, hatimiliki iko kabatini, sasa tunalipa nini tena, na kwa nani?

Makala haya yanaeleza reti ni nini, huhesabiwaje, hufadhili kazi gani, na mkazi ana haki gani kabla na baada ya kulipa.

Malipo ya ardhi yasiyofanana

Sehemu kubwa ya Tongaren ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Kuanzia miaka ya 1960 mashamba hayo yalinunuliwa na serikali, yakakatwa vipande na kupewa wananchi kupitia skimu za makazi. Waliopewa vipande hivyo hawakupewa bure. Walikopeshwa, na mkopo ukasimamiwa na Hazina ya Makazi. Kwa sababu ya historia hiyo, familia nyingi za hapa zimezoea kuita kila malipo ya shamba "pesa za settlement". Hapo ndipo mkanganyiko huanzia, kwa sababu kuna malipo kadhaa na kila moja lina mwenyewe.

La kwanza ni mkopo wa skimu. Huu ni deni la kununua shamba, na mdai ni Hazina ya Makazi, chini ya serikali kuu. Ukishalipwa wote, familia hupewa barua ya kuondolewa deni, nayo ndiyo hufungua njia ya kupata hatimiliki. Mkopo ukiisha, umeisha.

La pili ni renti ya ardhi. Hulipwa na wenye ardhi ya kukodishwa na serikali kwa muda maalum, kwa mfano miaka 99. Pesa hizi huenda kwa Wizara ya Ardhi na hulipwa kupitia eCitizen. Mwenye shamba la umiliki wa kudumu halipi renti.

La tatu ni reti. Hii ni kodi ya kaunti juu ya ardhi yenyewe, na hulipwa kila mwaka. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 209, inazipa kaunti uwezo wa kutoza reti za mali, kodi ya burudani, na kodi nyingine yoyote ambayo Bunge la Taifa litaruhusu kwa sheria. Kifungu hichohicho kinaruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inazotoa, kama vile maegesho na soko. Kumaliza mkopo wa skimu hakumwondolei mtu reti, na kulipa reti hakupunguzi mkopo wa skimu.

Kuna pia wenye ploti za soko ambao hawajapata hati na wanashikilia barua ya kugawiwa. Hao wanaweza kutozwa kodi ya ploti na kaunti kwa kiwango kilichotajwa katika Sheria ya Fedha. Risiti yao inapaswa kueleza wazi malipo ni ya ploti gani na ya mwaka gani.

Kwa mkazi wa mpakani kuna jambo moja zaidi. Mkulima wa Ndalu anayepeleka mahindi Kitale hulipa ada za soko kwa Kaunti ya Trans Nzoia, kwa kuwa soko liko huko. Ploti yake ya Ndalu inabaki chini ya Kaunti ya Bungoma. Akiwa na ploti nyingine Kiminini, reti ya hiyo ni ya Trans Nzoia. Reti hufuata mahali ardhi ilipo, haimfuati mwenyewe anakolala.

Reti huhesabiwaje

Kazi huanza na daftari la uthamini. Hii ni orodha ya ploti na mashamba yanayotozwa, ikionyesha namba ya kila kipande, ukubwa wake, jina la mwenyewe na thamani iliyokadiriwa na mthamini aliyesajiliwa. Kwa miaka mingi kazi hii iliongozwa na sheria mbili za kitaifa, moja ya uthamini na nyingine ya utozaji. Desemba 2024 Rais alitia saini Sheria ya Kitaifa kuhusu Reti, ambayo ilichukua nafasi ya hizo mbili ili kaunti zote zifuate utaratibu unaolingana.

Baada ya daftari, kinachohitajika ni kiwango. Kiwango hakiwekwi na karani wa mapato wala na msimamizi wa wadi. Huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa na Bunge la Kaunti kila mwaka. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo mkazi akiambiwa kiasi fulani, ana haki ya kuuliza kimeandikwa katika kipengele gani.

Chukua mfano wa hesabu tu. Ploti imethaminiwa Sh400,000 na Sheria ya Fedha imeweka kiwango cha asilimia 1. Reti ya mwaka ni Sh4,000. Mwenyewe akikaa miaka 5 bila kulipa, deni la msingi ni Sh20,000, na juu yake kuna adhabu ya kuchelewa iliyotajwa katika sheria. Adhabu hiyo ndiyo hufanya deni dogo kuwa mzigo.

Kwa desturi ya Kenya, uthamini wa reti hutazama zaidi thamani ya ardhi yenyewe kuliko jengo lililo juu yake. Ploti mbili zinazolingana, zilizo bega kwa bega sokoni, zinaweza kulipa sawa hata kama moja ina ghorofa na nyingine ina nyasi. Aliyejenga haadhibiwi kwa kujenga, na anayeshikilia ploti tupu katikati ya soko akingoja bei ipande naye hukumbushwa kwamba barabara na taa zilizoipandisha bei hiyo ziligharimiwa na umma.

Kwa mashamba ya kilimo, sheria imeruhusu pia kutoza kwa ukubwa wa eneo, yaani kiasi fulani kwa kila ekari. Si kila shamba limo katika daftari. Mwenye shamba asikisie wala asiamini uvumi. Aende na namba ya shamba lake katika ofisi ya mapato ya kaunti, aulize kama limeorodheshwa na kwa kiwango gani.

Nani husamehewa

Sheria imeacha nje ardhi inayotumika kwa kazi za umma na za hisani: mahali pa ibada, makaburi, hospitali, shule, makumbusho na maktaba, mradi haitumiki kwa biashara ya faida. Kanisa halitozwi kwa uwanja wa ibada, lakini likijenga maduka ya kupangisha kando ya barabara, sehemu hiyo inaweza kutozwa.

Ardhi ya serikali kuu nayo ina utaratibu wake. Badala ya reti za kawaida, serikali kuu hutakiwa kulipa kaunti mchango unaofidia reti hizo.

Hakuna kiongozi anayesamehewa kwa sababu ya cheo. Kifungu cha 210 kinakataza sheria yoyote kumwondolea afisa wa serikali kodi kwa sababu ya wadhifa wake. Tena, msamaha wowote ukitolewa, lazima uwekewe kumbukumbu pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Pesa huenda wapi

Mtu akilipa Sh4,000 kwa ploti ya Naitiri, noti hizo hazihifadhiwi kwa ajili ya Naitiri. Katiba, katika Kifungu cha 207, inaagiza kwamba pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria. Humo hukutana na ada za soko, sesi ya mazao, vibali vya biashara, na mgao unaotoka serikali kuu. Ili zitoke, lazima kuwe na sheria ya matumizi iliyopitishwa na Bunge la Kaunti, kisha Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Afisa aliyekusanya pesa sokoni hana ruhusa ya kuzitumia hapohapo, hata kama mtaro uliozibika uko mbele ya macho yake.

Moja ya pesa zilizotengwa na sheria ni za hospitali. Tangu mwaka 2023 kuna sheria ya kitaifa inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na pesa vinavyokusanya na kuzitumia kuboresha huduma. Kwa hiyo mgonjwa akilipa hospitalini Naitiri, malipo hayo hayachanganywi na reti.

Ni vyema kusema ukweli kuhusu ukubwa wa reti. Kaunti ya Bungoma huendeshwa zaidi na mgao wa serikali kuu. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao huo ulikuwa takriban Sh10.66 bilioni. Ukigawa kwa wakazi 1,670,570 waliohesabiwa mwaka 2019, ni karibu Sh6,400 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Mapato ya ndani, ambayo reti ni fungu moja tu, ni sehemu ndogo ya bajeti.

Kwa nini basi zihangaikiwe? Kwa sababu mgao huja ukiwa na kazi zake tayari: mishahara ya wauguzi na walimu wa chekechea, dawa, na miradi iliyoanza. Tena huchelewa, na mgao ukichelewa kila kitu husubiri. Mapato ya ndani ndiyo pesa ambazo kaunti inaweza kuzitegemea bila kungoja Nairobi. Kihistoria pia, reti zilizaliwa na kazi za mji. Nchini Kenya zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1900 chini ya kanuni za kusafisha na kuwasha taa mitaani. Hadi leo kazi zinazofanana nazo zaidi ni hizo: kuzoa taka, kuwasha taa za soko, kuchimba mitaro, kujenga vyoo vya soko na kufungua barabara za ndani.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti ielekezwe kwa maendeleo. Kanuni za mwaka 2015 nazo zinaweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu. Mkazi anayesoma bajeti anaweza kupima mwenyewe kama mipaka hiyo inaheshimiwa. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazotolewa kila robo ya mwaka, huonyesha kila kaunti ilikusanya nini na kutumia nini.

Kazi isiyo ya kaunti

Malalamiko mengi kuhusu reti huelekezwa pasipo pake. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti inashughulikia zahanati na hospitali zake, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, masoko, maji, taka, zima moto na huduma za kilimo. Shule za msingi na sekondari, polisi na machifu ni kazi ya serikali kuu. Barabara kuu ya Webuye hadi Kitale, inayopitia Kamukuywa na Kiminini, iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, KeNHA. Madarasa ya shule za msingi mara nyingi hujengwa na hazina ya maendeleo ya eneo bunge.

Anayelipa reti na kuona darasa la shule ya msingi limebomoka ana haki ya kulalamika, ila mlango wa kubisha ni mwingine. Taa ya soko ikiwa imekufa miezi mitatu, hapo mlango ni wa kaunti, na risiti ya reti inampa sauti ya kuubisha kwa nguvu.

Reti zisipolipwa

Reti ni deni la ardhi. Sheria inaruhusu kaunti kumdai mwenyewe kwa notisi, na asipolipa, kumpeleka mahakamani. Deni hushikamana na ploti, hivyo anayenunua bila kuuliza anaweza kununua na deni lake.

Lakini wengi wa Tongaren hukutana na reti mahali pengine kabisa: mezani pa urithi. Anayetaka kuandikisha uhamisho wa ardhi inayotozwa reti kwa kawaida huulizwa cheti kinachoonyesha kwamba reti zimelipwa.

Fikiria familia ambayo babu alipata kipande katika skimu na ploti moja ya soko. Amefariki, watoto wamegawana kwa maneno, wajukuu wamejenga. Hati bado ina jina la babu. Kila mmoja anaamini mwenzake ndiye analipa reti ya ploti, na hakuna anayelipa. Siku mjane mmojawapo anapotaka fungu lake liandikwe jina lake, anatakiwa kuwa na hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, idhini ya bodi ya ardhi kwa kipande cha kilimo, na cheti cha reti. Deni la miaka yote linamwangukia yeye aliyefika wa kwanza ofisini, pamoja na adhabu. Akishindwa kulilipa, watoto wake wanaendelea kuishi juu ya ardhi isiyo na jina lao, na mwenye nguvu katika ukoo anaweza kuja kudai kuwa ni yake.

Familia ya namna hiyo isingoje. Hata kabla kesi ya urithi haijaisha, reti zinaweza kulipwa kwa namba ya ploti huku daftari likiwa bado na jina la marehemu. Ndugu wakubaliane kwa maandishi nani analipa kiasi gani, na risiti zihifadhiwe na mtu anayeaminika na wote. Wenyeji husema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mahali pa kusema kabla ya kulipa

Mkazi anayeona thamani ya ploti yake imekadiriwa vibaya, au jina, ukubwa au namba vimekosewa, ana haki ya kuwasilisha pingamizi. Daftari jipya linapotangazwa, huwekwa wazi kwa umma na tangazo hutaja siku za kupokea pingamizi kwa maandishi. Siku hizo zikipita, makosa huendelea kuzaa deni hadi marekebisho mengine. Ukaguzi wa daftari huchukua dakika chache na unaweza kuokoa maelfu ya shilingi.

Kuhusu viwango na matumizi, kalenda ya kaunti ina tarehe zinazofaa kukumbukwa:

- Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwa umefikishwa Bunge la Kaunti. Hapa ndipo miradi ya wadi huingia au hukosekana.
- Februari 28: karatasi ya mikakati ya fedha huwasilishwa, ikionyesha kila idara itapata kikomo gani.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti huwasilishwa.
- Juni 30: bajeti inapaswa kuwa imepitishwa.
- Siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupita: Mswada wa Fedha, wenye viwango vya reti na ada zote, unapaswa kuwa umeshughulikiwa.

Katika kila hatua, Katiba inataka wananchi washirikishwe. Wadi sita za Tongaren, yaani Mbakalo, Naitiri/Kabuyefwe, Milima, Ndalu/Tabani, Tongaren na Soysambu/Mitua, kila moja ina mwakilishi anayepiga kura juu ya viwango hivyo. Mikutano ya Mswada wa Fedha ndiyo huhudhuriwa na watu wachache zaidi kuliko ya miradi, ingawa ndiyo huamua kila mtu atatoa nini mfukoni.

Hatua za kufuata

1. Andika namba kamili ya ploti au shamba lako kama ilivyo kwenye hati au barua ya kugawiwa.
2. Nenda katika ofisi ya mapato ya kaunti, uombe taarifa ya deni inayoonyesha kila mwaka, reti ya msingi na adhabu kando.
3. Linganisha na risiti ulizonazo, zikiwemo za enzi ya kaunti kansol kabla ya 2013. Malipo yasiyoonekana, onyesha risiti na uombe marekebisho kwa maandishi.
4. Kama deni ni kubwa, uliza juu ya kulipa kwa mafungu, na kama kuna msamaha wa adhabu uliopitishwa kisheria. Usilipe mtu anayeahidi kufuta deni pembeni.
5. Lipa kupitia benki au njia rasmi ya kaunti pekee, kamwe usimpe mtu pesa mkononi. Soma risiti kabla ya kuondoka: namba ya ploti, mwaka na kiasi.
6. Unaponunua ploti, fanya sachi katika masjala ya ardhi Bungoma na udai cheti cha reti kabla ya kutoa hata shilingi moja.
7. Hifadhi nakala mbili za risiti, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu au kwenye simu.

Aliyemaliza hatua hizo ana kitu cha kushika mkononi mkutano wa bajeti utakapoitwa katika wadi yake. Anajua alilipa kiasi gani, kwa sheria ipi, na pesa ziliingia hazina gani. Swali lake la taa, mtaro au choo cha soko litakuwa na namba, na maafisa watatakiwa kulijibu kwa namba.